Kwa Wawira, Kuhusu Kivuli cha Ukutani

Mpendwa mke wangu Wawira,

Kuliandika jina lako kumekuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kulitamka ndiko kulikonishinda. Tangu tulipokuzika, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, sikulitoa jina hilo kinywani hadi Jumatatu ya wiki jana. Ninakuandikia nikueleze lilivyotoka, na jinsi filamu ya katuni kutoka Japani, ambayo wewe ungeicheka, ilivyohusika. Barua nimeiacha wazi ili na wengine waisome, kwa sababu nashuku si mimi peke yangu niliyefanya kosa hili. Wazee wenzangu wa kanisani wamezika wake zao, nao wana wajukuu.

Kosa lenyewe ni kwamba humu nyumbani mna mtu mwingine mwenye jina lako, na nilipoacha kukuita wewe nikaacha kumwita na yeye.

Unakumbuka alipozaliwa. Njeru alitupigia simu kutoka Embu, na hakuna aliyeuliza mtoto ataitwa nani. Binti wa kwanza wa mwana wetu angeitwa nani kama si mama ya baba yake? Ulimpokea ukamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua kiazi sokoni, ukasema, "Pua ni yangu. Hayo masikio ni ya ukoo wenu, tutayaombea." Nami guka, yaani babu yake, kama ilivyo ada, nikamwita mke wangu mdogo. Tuliporudi Meru ukanitengea chai isiyo na sukari. Nilipouliza, ukajibu bila hata kugeuka, "Mwambie mke wako mdogo akukorogee."

Alipokuwa akija likizo, nikiita "Wawira!" kutoka barazani niliitikiwa na sauti mbili, moja ya jikoni, nyingine ya juu ya mpera. "Yupi?" wewe ungeuliza. "Aliye karibu na birika," nikajibu. Basi mtoto akateremka mbio ili awe yeye aliye karibu na birika, na chai ikamwagika, na mkanigeukia mimi wote wawili, kana kwamba mwenye makosa ni yule aliyeita.

Jina hilo lilikuwa na maana nyingine kwangu ambayo sikuwahi kukueleza. Maji ya bwawa yalipofunika shamba la baba yangu kule chini, pamoja na boma uliloingia ukiwa bibi arusi, tulipanda kuja Meru na masanduku mawili na redio. Tukapanga chumba Majengo, nyuma ya bucha. Asubuhi ya kwanza adhana ilikuamsha, ukaketi kitandani ukaniuliza wanaitwa akina nani. Nikakwambia wanaoswali wanaitwa kuswali. "Basi na sisi tumeshaitwa," ukasema, ukajifunga leso ukawasha jiko. Tangu siku hiyo hukuwahi kuhitaji saa.

Pale Majengo, na baadaye hapa Kinoru, katikati ya akina Kathure na akina Kagendo wa Kimeru, jina lako lilitutangulia kila mahali. "Wawira? Huyo ni wa Embu," walisema, bila ubaya. Nimeishi hapa zaidi ya miaka arobaini, nimefundisha watoto wao na watoto wa watoto wao, na bado mimi ni yule mwalimu wa kutoka Embu. Sikuchukia. Kila mtu alipokuita, kijiji kilicholala chini ya maji kilitoa kichwa kidogo nikakiona: mtama, mawe ya mtoni, mbuzi wa mama yangu. Ulipokufa tulikuzika katika kipande alichonunua Njeru juu ya mji wa Embu, kwenye majani chai. Wewe mtu wa joto na ndengu, umelala kwenye baridi na ukungu. Nisamehe hilo. Kwetu hapakuwa na mahali pakavu.

Wiki tatu baada ya mazishi Njeru alimleta huyu msichana akae nami. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja kuitwa chuo, na baba yake aliogopa nitakula mkate na chai mara tatu kwa siku. Hakukosea. Asubuhi ya kwanza nilitaka miwani yangu. Nilimsikia jikoni akisogeza sufuria, nikafungua kinywa, jina likafika kwenye ulimi likakataa kwenda mbele. "Wewe," nikasema. "Niletee miwani."

Ikawa hivyo. Wewe. Kijana. Msichana. Siku nyingine mama, kwa heshima, ambayo ni njia ya kukwepa pia. Siku moja nilimpigia makofi kama mtu anayeita kuku. Alikuja, akanipa nilichotaka, akarudi. Sikuona uso wake kwa sababu sikuutazama.

Alhamisi kabla ya Jumatatu ile niliyoitaja nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikisuuza kikombe. Yeye alikuwa nje anaanika nguo, simu ameibana kwa bega, anazungumza na baba yake.

"Dad, mi nakuja huko Embu Jumatatu. Zii, hapana, sijagombana na yeye. Afadhali tungegombana." Akaanika shati. "Guka hanitaki hapa. Sijui nilimkosea nini. Hata jina langu hasemi. Ni wewe, wewe, wewe, kama kibarua wa mjengo."

Ilinipasa nitoke nje wakati huohuo. Sikutoka. Nilirudi kwenye gazeti nikasoma mstari mmoja mpaka jua likahama dirishani. Mwalimu mzima, aliyefundisha watoto wa watu kujieleza.

Jumamosi mchana mvua ilinyesha. Aliweka kompyuta yake mezani, akaisogeza mpaka ikanielekea.

"Guka, kuja tuone filamu moja. Ya Kijapani."

"Hiyo ni katuni."

"Ni katuni ya watu wazima."

"Hao watu wazima hawana kazi?"

"Kwani wewe Guka, leo una kazi gani?"

Nikaketi. Nilikukumbuka kabla haijaanza. Unakumbuka lile gari lililokuja kuonyesha sinema kwenye shule ya msingi, shuka limefungwa kwenye milingoti ya goli? Wilaya nzima ilikaa chini kutazama mtu akinawa mikono. Wewe uliinuka, ukazunguka nyuma ya shuka, ukarudi ukanipa ripoti: "Nyuma hakuna kitu. Ni shuka tu." Hukuwa umevunjika moyo hata kidogo. Ulifurahi kama mtu aliyemshika mwizi. Kompyuta hii ungeigeuza chini juu.

Sasa nikueleze filamu yenyewe, maana najua utaniuliza. Kuna familia inayotengeneza miavuli ya karatasi katika kijiji cha mlimani. Mama anafariki. Wanamzika vizuri, lakini kivuli chake kinabaki kwenye ukuta wa jikoni, na hakijui kwamba mwenyewe ameondoka. Kinaendelea na kazi. Kinakata figili, kinakunja nguo, kinainama kupuliza moto ambao haupo. Mtoto mdogo anachukua bakuli lake la wali anakwenda kula chini ya kivuli hicho. Baba hawezi kukitazama. Anachukua vitambaa na misumari, anafunika ukuta mmoja, kisha wa pili, mpaka nyumba nzima inakuwa kama ndani ya gunia. Basi binti mkubwa anaingia nyuma ya kitambaa, anakibandua kivuli ukutani kwa kucha, polepole, anakikunja kama leso, anakitia kikapuni, na anapanda nacho mlimani kumrudishia mama yake.

Nina maoni yangu. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua mtunzi anapopotea njia, na huyu alipotea katikati. Kuna mnyama mnene wa miguu sita anayelinda daraja na kuuliza mafumbo, na sehemu yake ni ndefu mno. Bibi yangu alikuwa na zimwi la namna hiyo katika hadithi zake, lakini alilimaliza kabla ugali haujaiva. Pia wanaruka sana. Kila wanapokosa la kusema, wanaruka juu ya mawingu. Rangi ni nzuri, lakini mtu mwenye majonzi haruki, Wawira. Mtu mwenye majonzi hutafuta soksi ya pili.

Na hapo ndipo walipojua kazi yao, sitawanyima haki. Kuna mahali yule baba, baada ya kupigilia kitambaa cha mwisho, anaosha vikombe. Vipo vinne. Anaosha vinne, anapanga vinne, kisha anakiondoa kimoja, anasimama nacho, anakirudisha. Hakuna muziki. Hakuna anayesema neno. Nilisoma riwaya nyingi za misiba katika maisha yangu na sikumbuki ukurasa uliojua jambo hilo la vikombe. Anayeweza kuchora hilo, hata kwa ajili ya watoto, amewahi kuosha vikombe vya namna hiyo.

Binti akapanda. Kivuli kikazidi kuwa kizito kikapuni kila alipopumzika. Akafika juu, kwenye ukungu, akaona mgongo wa mama yake. Akafungua kinywa amwite. Hapo stima ikapotea, na kompyuta, ambayo betri yake ilikwisha kufa zamani, ikazima pamoja na taa.

Tulibaki tukiutazama ule weusi. Mvua ilisikika kwenye mabati.

"Nikuambie inavyoisha?" akauliza.

"Hapana. Tungoje."

"Inaweza kurudi kesho."

"Basi tutamaliza kesho."

"Kesho sawa. Jumatatu mi naenda, Guka. Nimeongea na Dad." Alilisema akiufunga waya mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, kwa uangalifu mkubwa.

Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema, "Sawa." Kisha nikaona halitoshi, nikaongeza, "Barabara ya Embu siku hizi ni nzuri." Wewe ungenitupia mwiko.

Stima ilirudi Jumapili tulipotoka kanisani. Tukamaliza. Mama anageuka, anamtambua binti yake, anamuuliza nani anamsuka nywele siku hizi. Kisha anachukua kivuli, anakivaa kama koti, na anamwambia asirudi tena huko, ateremke mwepesi. Binti anateremka. Nyumbani baba anang'oa misumari, vitambaa vinaanguka, na ukuta uliokuwa nyuma ni mweupe. Mtupu. Wote wanautazama, na wanaanza kutabasamu. Ndiyo mwisho.

Nilikasirika. "Hilo ni tabasamu la nini?" nikasema. "Ukuta umebaki hauna mtu!"

"Si ndiyo poa, Guka. Amemwachilia. Ameenda kupumzika."

"Sisi hatuachilii hivyo."

"Sisi tunafanyaje?"

"Sisi mtu akienda hatumwachi aende na kila kitu. Jina linabaki. Tunampa mtu, na mtu huyo tunamwita kila siku."

Aligeuka akanitazama vizuri. Macho ni yako pia. Siku ile ya kumkagua hukuyaona kwa sababu alikuwa ameyafumba.

"Tunampa nani, Guka?"

Alijua alichokuwa akiuliza. Nami nilijua. Lilikuwa neno moja tu, na nililishika tayari, nikalimeza.

"Mtoto," nikasema. "Tunampa mtoto."

"Ah. Mtoto." Akachukua vikombe viwili akaenda kuviosha. Aliviosha muda mrefu kuliko vikombe viwili vinavyohitaji.

Nilibaki nimekaa, na hapo ndipo nilipomwelewa yule baba wa Kijapani. Nilikuwa nimemhukumu tangu Jumamosi. Mpumbavu gani anafunika ukuta? Lakini yeye, Wawira, alipigilia kitambaa juu ya kivuli. Mimi nilipigilia changu juu ya mtoto aliye hai, anayenipikia, na kumwacha humo gizani mwaka mzima akijiuliza alikosa nini.

Sikufanya hivyo kwa chuki, nadhani unajua. Ulipokuwepo, nilipoita uliitika. Nikiwa kitandani, bustanini, hata tukiwa tumenuniana, uliitika, ingawa kwa ukali. Nilijiambia kwamba maadamu sijakuita, basi hujakosa kuitika. Siku nitakayoita, na jikoni paitike sauti nyingine, ndiyo siku utakayokuwa umekufa kweli. Mazishi niliyaona kwa macho yangu, nililitupia mchanga sanduku lako, na bado nilikuwa nimejibakizia mlango huo mmoja. Mtoto akawa ndiye anayelipia.

Jumatatu asubuhi aliniandalia uji, akaniachia maharagwe ya siku mbili yamechemshwa, akanionyesha dawa za pressure zilipo kama mtu anayekabidhi ofisi. Akaninyooshea mkono. Mkono, Wawira, kama mgeni! Nikaushika. Akabeba begi lake akatoka langoni, akashika njia ya kuteremka upande wa uwanja wa michezo.

Nilisimama barazani. Alifika kwenye ua wa jirani. Akafika kwenye nguzo ya stima. Mara ya kwanza kilichotoka kilikuwa kikohozi. Nikashika nguzo ya baraza, nikavuta pumzi kama nilivyokuwa nikivuta gwaridani shuleni, nikaita.

"Wawira!"

Sikujua bado nina sauti hiyo. Mama Kinya, jirani yetu, alikuwa anachuma mboga za sukuma kwenye ua. Aliutupa mzigo wote akaja mbio, mikono kichwani.

"Uii! Mwalimu! Mwalimu, keti chini. Keti pole pole. Mama Njeru alienda, Mwalimu. Alienda kwa Bwana. Tulimzika, na wewe ulikuwa hapo!"

"Ninajua alipo," nikasema. "Simwiti huyo. Niache niite!"

"Ngai! Amechanganyikiwa," akawaambia watu ambao hawakuwepo, akanishika kiwiko kwa mikono yake miwili. Hivyo ndivyo nilivyoita mara ya pili, nikivutana na Mama Kinya: "Wawira!"

Kule njiani alikuwa amesimama, ameipa nyumba mgongo. Aligeuza kichwa tu.

"Unaita nani?"

"Ninakuita wewe!"

"Wewe nani?"

Hakunihurumia, na alikuwa na haki. Mama Kinya akaniachia kiwiko. Nadhani alianza kuelewa, maana alirudi nyuma hatua moja na kujifuta mikono kwenye aproni.

"Wewe Wawira," nikasema. "Wawira wa Njeru. Mke wangu mdogo."

Aligeuka mwili mzima. Kisha akaweka begi chini akaitika: "Naam, Guka."

Na hapo, mke wangu, kilichokuwa nikikiogopa kikatokea. Niliita jina lako, na sauti iliyoitika haikuwa yako. Ilikuwa sauti changa, imejaa kamasi na hasira. Ilinikata. Nilishika ile nguzo kwa mikono miwili. Lakini nilibaki nimesimama, na yeye alikuwa pale njiani, ameitika, anangoja aambiwe anaitiwa nini. Sikuwa nimefikiria hilo. Sikuwa na la kumtuma.

"Njoo," nikasema. Ndilo lililopatikana.

Alipanda taratibu, akapita mbele ya Mama Kinya bila kumtazama, akafika barazani. Uso wake ulikuwa umelowa. "Nilikuwa nimesahau chaja hata hivyo," akasema, akaingia ndani. Sikumsikia akitafuta chaja. Baada ya muda nilimsikia kwenye simu: "Dad, leo sitakuja. La, yuko sawa. Anapiga kelele, lakini yuko sawa."

Mama Kinya aliokota sukuma zake moja moja. Hadi leo ananiangalia kwa wasiwasi kila ninapoita, na siku hizi ninaita mara nyingi. Ninaita kuuliza saa. Ninaita kumwonyesha ndege. Juzi aliniambia, "Guka, nimesikia. Hata watu wa uwanjani wamesikia."

Chuo kikimwita ataondoka, na hilo ni sawa. Ataondoka akijua kwamba anatakiwa. Kuhusu filamu, bado nasema ukuta ule haukupaswa kubaki mtupu, na yeye bado anasema sijaielewa. Tunabishana. Nyumba imepata kelele.

Kwako wewe nina neno moja tu la kumalizia. Najua tabia yako: ukisikia jina lako hukuwa ukingoja kuitwa mara mbili, hata ukiwa mgonjwa ulikuwa unatafuta kandambili kwa mguu. Huko uliko, kwenye majani chai, huenda sauti yangu inafika, maana nimeambiwa ni kubwa. Usihangaike tena. Nikiita, lala. Yupo wa kuitika.

Mumeo,
Baba Njeru